Nani Anaambiwa? Hotuba Kuhusu Kusoma Mafumbo ya Hip-hop

Ndugu mwenyekiti wa jioni hii, walimu wenzangu, wanafunzi wa fasihi, na nyinyi wageni ambao nimeambiwa mmevutwa na neno hip-hop zaidi ya neno fasihi, nawasalimu nyote; na wazee wangu mlioketi viti vya mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kufasiri mistari ya hip-hop: majina na matukio yanayotajwa humo bila kuelezwa, vipande vya nyimbo za zamani vinavyopandikizwa ndani ya midundo mipya, na michezo ya maneno ambayo msikilizaji huipata mara ya tatu au ya nne, pengine akiwa amekwisha kushuka kwenye daladala. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Katika miaka ya 1990 nilikuwa na kanda iliyodurufiwa ya kundi la Wu-Tang Clan la New York, kanda ambayo ilikuwa imenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba mvumo wake ulikaribia kuzidi maneno. Humo mlikuwa na sauti za mapigano ya panga, maongezi yaliyokatwa kutoka filamu za kung fu, na jina Shaolin likirudiwa kila baada ya muda mfupi. Kwa kuwa nilikuwa nimekesha vya kutosha katika vibanda vya video, nilijiona mjuzi, nikawaeleza wenzangu kwa muda mrefu kwamba Wamarekani hawa walikwenda China kufundishwa hekaluni, na kwamba albamu yao ya mwaka 1993 ilikuwa masimulizi ya safari hiyo.

Nilichokijua kuhusu filamu kilikuwa kweli. Jina la albamu hiyo, lenye vyumba 36 ndani yake, limetokana na filamu ya Hong Kong ya mwaka 1978, na baadhi ya maongezi yale yamekatwa kutoka filamu za aina hiyo. Nilichokosa ni kwamba Shaolin, katika vinywa vya vijana wale, ni Staten Island, kisiwa kilicho sehemu ya Jiji la New York, walikotoka wengi wao. Walikuwa wameubatiza mtaa wao upya, wakawa wanazungumza na watu wanaopanda kivuko kwenda Manhattan kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimepata chanzo cha neno na kukosa maana yake, kwa sababu sikujiuliza swali moja ambalo nitalirudia hadi mnichoke: hapa nani anaambiwa?

Watu wa pwani hatukupaswa kufundishwa swali hili. Mwanamke akitoka nyumbani na kanga yenye jina kali, majirani hawaulizi maneno yale yana maana gani, kwa kuwa Kiswahili wanakijua. Wanauliza leo amemvalia nani. Katika ukumbi wa taarab, mtunzaji anayeinuka na noti yake haendi moja kwa moja kwa mwimbaji. Hupita kwanza mbele ya meza fulani, akatembea taratibu, na mkono wake ukishapepea pale, wimbo mzima umepata anwani. Na tukirudi nyuma zaidi, katika utenzi wa Fumo Liyongo ambao Muhamadi Kijumwa aliuandika mwaka 1913, shujaa akiwa kifungoni anamwimbia Saada, mtumishi wa mama yake, ujumbe kwamba nyumbani uokwe mkate wa wishwa na ndani yake zifichwe tupa. Walinzi walikuwa na desturi ya kumlia mfungwa chakula chake kizuri, kwa hiyo mkate wa wishwa waliudharau wakamwachia. Kisha ikapigwa ngoma ya gungu nje ya gereza, na chini ya kelele za matari na pembe minyororo ikakerezwa. Ninapowasikia watu wakisema kwamba hip-hop ilituletea ufundi wa kuficha maneno ndani ya mdundo, namkumbuka Saada akirudi nyumbani na wimbo kichwani, akipita mbele ya watu wenye masikio mazima kabisa.

Sasa twende ilikozaliwa hip-hop yenyewe, kwa maana haifai kuisoma kana kwamba iliangukia Magomeni kutoka mawinguni. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue huko Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaica aliyejulikana kama Kool Herc alipiga muziki katika sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba wachezaji hungoja sehemu fupi ya santuri ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake; basi akachukua nakala mbili za santuri ileile na kurukia kutoka moja hadi nyingine, ili sehemu ile ya sekunde chache iendelee kadiri alivyotaka. Hii ndiyo sababu ninawasihi wanafunzi wangu wasikichukulie kionjo kama pambo. Nasema kionjo nikimaanisha kipande cha sauti kilichokatwa kutoka rekodi ya mtu mwingine na kushonewa katika mdundo mpya. Wako wanaosema sampuli, lakini sampuli kwangu inanukia maabara. Sanaa hii ilianza kwa kurudia sauti ya mtu mwingine, na maneno ya wachanaji, yaani waghani wa rap, yalikuja baadaye, juu ya sauti hiyo, mara nyingi yakijibizana nayo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1989. Kundi la Public Enemy lilirekodi Fight the Power kwa ajili ya filamu ya Spike Lee, na katika maneno yake ya kwanza kabisa mchanaji wake Chuck D anautaja mwaka wenyewe, anayataja majira ya joto, kisha anaitaja sauti ya mpiga ngoma wa funk. Msikilizaji wa kawaida atadhani anamsifu mpiga ngoma yeyote yule. Lakini Funky Drummer ni jina la rekodi ya James Brown iliyotoka mwaka 1970, ambamo mpiga ngoma Clyde Stubblefield anaachiwa uwanja peke yake kwa muda mfupi, na ngoma hiyohiyo imekatwa na kuwekwa ndani ya mdundo ambao Chuck D anausemea. Maana yake ni kwamba jambo linatajwa kwa mdomo wakati uleule linapopigwa chini yake, mithili ya mtu anayemtambulisha mgeni huku mgeni mwenyewe amekwisha kuketi mezani. Waliokuwa wakihangaika na santuri katika vyumba vya chini vya nyumba za New York walisalimiwa kwa mstari huo, na sisi wengine tukapita.

Mfano huo, hata hivyo, haujaisha. Stubblefield hakuandikwa kuwa mtunzi wa rekodi ile, na hivyo ngoma yake ilipokuwa miongoni mwa vionjo vilivyokatwa mara nyingi zaidi duniani, haki za utunzi hazikumfikia. Ukirudi kwenye mstari ukiwa na habari hiyo, utagundua kwamba unaitaja rekodi na wala haumtaji mtu. Sidhani kwamba Chuck D alikusudia tuone hivyo. Lakini mfasiri mwaminifu anaruhusiwa kuuona ukimya ulio ndani ya salamu, mradi aseme wazi kwamba hilo ameliona yeye na asimbebeshe msanii.

Kuna vionjo ambavyo maana yake haiwezi kupatikana bila kujua maisha ya msanii. Mnamo Oktoba 2002 Kanye West, wakati huo akijulikana zaidi kama prodyuza, alipata ajali ya gari huko Los Angeles, taya lake likavunjika na kufungwa kwa waya. Baada ya muda usiozidi wiki chache aliingia studio meno yakiwa bado yamebanwa, akarekodi wimbo ambao ulitoka rasmi mwaka 2003 kwa jina Through the Wire, yaani kupitia kwenye waya. Kionjo chake ni sauti ya Chaka Khan katika wimbo wa mwaka 1984 uitwao Through the Fire, kupitia kwenye moto, nayo imeharakishwa mpaka ikawa nyembamba kama ya mtoto. Moto umegeuka waya kwa kubadilishwa herufi moja, na ule wimbo wa mapenzi, ambamo mwanamke anaapa kwamba yuko tayari kuvuka moto kwa ajili ya ampendaye, umegeuka ushuhuda wa mtu aliyetoka mautini na anayetamka maneno kwa shida. Ukiusikiliza haraka unaweza kudhani kwamba hata Chaka Khan mwenyewe anautaja waya. Hapa mchezo wa maneno, kionjo na wasifu ni kitu kimoja, na mtu anayeeleza mojawapo na kuacha mawili atakuwa amesema kweli ambayo haitoshi.

Kuhusu sheria nitapita haraka, ingawa wanasheria waliomo humu hawatanisamehe. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua shauri dhidi ya mchanaji Biz Markie, aliyekuwa ametumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na jaji aliianza hukumu yake kwa amri ya Biblia isemayo usiibe. Tangu hapo vionjo vilianza kuombewa kibali na kulipiwa, na albamu zilizosukwa kwa makumi ya vipande vya watu wengine zikawa ghali mno kutengenezwa. Kwa msomaji wa mafumbo jambo muhimu ni kwamba albamu ya Biz Markie iliyofuata, mwaka 1993, ilipewa jina lenye kutangaza kwamba vionjo vyote vimeombewa kibali. Asiyeijua hukumu ataliona hilo kama tangazo la karani. Anayeijua atacheka, na pengine atagundua kwamba anayeambiwa ni jaji.

Wakati mwingine rejeleo husafiri mbali sana kabla ya kutua katika hip-hop. Mshairi wa Ireland, W. B. Yeats, aliandika mwaka 1919 shairi lenye maneno kwamba mambo yanasambaratika na kitovu hakiwezi kushika. Mwaka 1958 Chinua Achebe aliyachukua maneno hayo ya Mzungu aliyeogopa kuporomoka kwa ustaarabu wake, akayafanya jina la riwaya kuhusu ustaarabu wa Waigbo ulioporomoshwa na ujio wa Wazungu: Things Fall Apart. Mwaka 1999 kundi la The Roots la Philadelphia likayachukua kwa Achebe na kuyafanya jina la albamu, katika kipindi ambacho wengi walikuwa wakilalamika kwamba hip-hop imeuzwa na misingi yake imelegea. Kila mkono uliopokea maneno haya uliyageuza kumwelekea mtu mwingine. Na sisi je? Riwaya hiyo ilipotafsiriwa kwa Kiswahili na Clement Ndulute ikaitwa Shujaa Okonkwo, jina zuri, linaloeleweka na kijana wa sekondari, lakini jina lililokata uzi. Simlaumu mtafsiri, kwa sababu uzi huo ungeweza kuonekana tu kwa mtu aliyesoma shairi la Yeats. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi aliyemsoma Achebe kwa Kiswahili pekee anaweza kuishika albamu ile mkononi na asijue kwamba ameshika kitu cha nyumbani kwake.

Sasa niwageukie wale wenye ugonjwa ulio kinyume na wangu wa zamani, yaani wanaoona marejeleo mahali pote. Mwaka 2015 mchanaji wa Marekani Kendrick Lamar alitoa wimbo King Kunta, na jina la Kunta halina utata: ni Kunta Kinte, Mmandinka aliyechukuliwa kutoka Gambia na kukatwa mguu kwa kutoroka, kama alivyosimuliwa na Alex Haley katika kitabu cha mwaka 1976 na katika tamthilia ya televisheni iliyofuata. Kumwita mfalme mtu aliyekatwa mguu ni kejeli inayojieleza. Lakini katika wimbo huohuo kuna kiazi, yam kwa Kiingereza, ambacho msanii anakitaja kuwa ndicho mamlaka, na hapo wafasiri wamepigana. Wapo wanaokipeleka kwa Achebe, ambaye kwake kiazi kikuu ni mfalme wa mazao na kipimo cha uanaume. Wapo wanaokipeleka kwa Ralph Ellison, ambaye katika riwaya yake ya mwaka 1952 anamwonyesha kijana Mweusi aliyehamia New York akinunua kiazi cha kuokwa mtaani na kukila bila aibu, akikumbuka Kusini alikozaliwa. Wapo pia wanaosikia lugha ya mtaani, ya dawa za kulevya au ya maumbile ya mwanamke.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa namna ambayo Kiingereza cha Marekani hakiwezi. Kwetu kiazi kikuu na kiazi kitamu ni mimea miwili tofauti, na hakuna mkulima wa Muheza atakayevichanganya; Wamarekani kwa kawaida hukiita kiazi kitamu yam, kwa hiyo neno lao moja linabeba shamba la Okonkwo na mkokoteni wa mtaani kwa wakati mmoja. Maoni yangu ni kwamba Ellison na Achebe wote wanaruhusiwa kuingia, kwa kuwa wimbo unazungumza juu ya nguvu, asili na aibu, na viazi vyote viwili vinazungumza hayohayo. Maana ya mtaani nayo siwezi kuifukuza. Lakini mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea kurasa tatu zinazothibitisha kwamba kila tunda lililotajwa na mchanaji fulani lilikuwa dokezo la nchi ya Afrika, na nikamwuliza ni nani, katika wasikilizaji wote wa wimbo ule, aliyekuwa akiambiwa hayo. Alifikiri kidogo akasema: mimi. Nilimpa alama za uaminifu.

Naingia nyumbani sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba ushairi ni vina na mizani, na tunapowasikia vijana wakichana tunawapima kwa vina. Naomba tufikirie upya. Kiingereza kina uhaba wa vina, maana maneno yake huishia kwa konsonanti za kila namna, na mchanaji wa New York anayefungamanisha silabi tatu au nne mfululizo amefanya kazi ngumu inayostahili makofi. Kiswahili kina irabu tano, maneno yake karibu yote huishia kwa mojawapo, na vitenzi vyetu huvaa miisho ileile ya -isha, -ana na -wa kama sare ya shule. Kina kwetu ni cha bei rahisi. Mchanaji wa Kiswahili anayetegemea kina cha mwisho pekee hana alichotuonyesha, na ndiyo maana ufundi halisi umehamia kwenye maana mbili. Hata neno lenyewe limetutangulia, kwa kuwa kina ni mlio wa kufanana na ni urefu wa kwenda chini ya maji pia.

Lakini maana mbili kwa Kiswahili ina adui wake, naye ni upatanisho wa kisarufi. Chukueni neno kaa. Nikisema nimeshika kaa mkononi, hamjui kama nimeshika mnyama wa ufukweni au kipande cha moto, na vyote viwili vinaumiza mkono. Nikiongeza limeniunguza, mnyama amekimbia. Nikiongeza ameniuma, moto umezimika. Viambishi vyetu ni wambea, havijui kutunza siri. Kwa hiyo fundi wa maneno wa Kiswahili hulazimika kuliweka neno lake mahali ambapo hakuna kiambishi kitakachomfichua, au kutafuta kiambishi kinachozitumikia maana zote mbili, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kutafuta vina ishirini. Mombasa yuko mchanaji anayejiita Kaa la Moto. Yeye, kwa ile la yake, ameamua mapema kutokuwa na utata.

Tazameni basi kile kilichofanywa na Kalamashaka, vijana wa Dandora, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1990. Wimbo uliowatoa unaitwa Tafsiri Hii. Ukiusoma kama amri, msikilizaji anaambiwa aifasiri hali hii, au ngoma hii. Ukiusoma kama jina, ni tafsiri yenyewe, hii hapa, wanayoitoa wao juu ya maisha ya mtaa wao. Neno hii linapatana na zote mbili bila kusaliti hata moja. Sijui wimbo mwingine ambao jina lake linamkabidhi msikilizaji kazi na papo hapo linamkabidhi jibu, na ninakiri kwamba niliutaja darasani kwa miaka kadhaa kabla ya kuiona maana ya pili. Nani anaambiwa? Dandora haikuhitaji kutafsiriwa kwa Dandora. Anayeambiwa ni Nairobi ile nyingine, iliyokuwa ikisikia Kiswahili kile na Sheng ile, lugha ya vijana wa mitaani, kama kelele za makanga wa matatu.

Kwa upande wa Tanzania mchezo wa maneno umo katika jina la muziki wenyewe. Bongo ni wingi wa ubongo, na Dar es Salaam ikaitwa Bongo kwa sababu asiyetumia akili hapati mkate pale. Baadaye jina likatanuka likaifunika nchi nzima. Chemsha bongo, kwa msomaji wa magazeti, ni fumbo la kujaza au maswali ya kupima akili. Kundi la Hard Blasters walipouita wimbo wao Chemsha Bongo, fumbo la gazetini, akili za msikilizaji na jiji lenyewe viliingia chungu kimoja, na yote hayo bila neno hata moja la kigeni. Wanafunzi walio chini ya miaka ishirini huwa hawasikii tena jiji katika jina hilo, kwa kuwa kwao Bongo ni Tanzania tu. Na hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu waandike tarehe kando ya kila neno la mtaani, kwa sababu neno la mtaani huzeeka haraka kuliko sisi.

Mchezo wa kuunganisha lugha nao una sheria zake. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji wa Kenya walilichukua shina la Kijaluo, bwogo, lenye maana ya kutisha, wakaliwekea kiambishi cha Kiingereza mbele na kingine nyuma, likazaliwa Unbwogable, asiyetishika. Ulikuwa wimbo wa vijana wawili wanaojipa moyo. Kufikia uchaguzi wa Desemba mwaka huo wapinzani wa KANU, chama kilichokuwa madarakani, walikuwa wamekwisha kuufanya wa kwao, ukaimbwa na watu ambao Kijaluo hawakijui kabisa. Mfasiri anayetoa maana moja ya wimbo huo bila kusema ni ya mwezi gani atakuwa amekosea.

Na Ndio Mzee ya mchanaji wa Tanzania Professor Jay, ya mwaka 2001, je? Humo msanii anavaa sauti ya mgombea anayemwaga ahadi zisizowezekana, na umati unaitikia kwa utii, ndio mzee. Wanafunzi wangu karibu wote huandika kwamba wanaoambiwa ni wanasiasa. Mimi nasikia vingine. Mwanasiasa katika wimbo ule anachekesha, na kiitikio ndicho kinachochoma, na kiitikio ni sisi. Mwaka 2015 Joseph Haule, yaani Professor Jay mwenyewe, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, na tangu siku hiyo hakuna anayeweza kuusikiliza wimbo huo kama ulivyosikilizwa mwaka 2001, hata yeye.

Nimwongeze na Saleh Jabir, mchanaji wa Tanzania, kwa sababu vijana hawamjui. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa Ice Ice Baby ya Vanilla Ice, wimbo wa mwaka 1990 ambao besi yake ilikuwa imechukuliwa kutoka Under Pressure ya Queen na David Bowie ya mwaka 1981. Besi ile, iliyopigwa na Waingereza na kubebwa na Mmarekani aliyeanza kwa kudai kwamba ya kwake ni tofauti kidogo, iliishia kwenye kanda za Dar es Salaam ikiwasemesha Waswahili. Mtu anaweza kuuita huo uigaji. Mimi huuliza ni nani kati ya hao wote aliyekuwa na jambo la kuwaambia watu wa mtaa wake, na ninapouliza hivyo Saleh Jabir haonekani mdogo hata kidogo.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, kwa hiyo nitamwomba kijana wa mitambo aandae kile nilichompa. Ni Rapper's Delight ya Sugarhill Gang, ya mwaka 1979, rekodi iliyoifikisha hip-hop kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Bronx. Mdundo wake ni Good Times ya kundi la Chic, iliyopigwa upya na wanamuziki wa studio, na watunzi wake Nile Rodgers na Bernard Edwards walipotishia kwenda mahakamani waliandikwa kuwa watunzi wa rekodi hiyo pia. Yupo mwingine ambaye hakuandikwa. Big Bank Hank, mmoja wa wachanaji watatu mnaowasikia, hakuwa mtunzi wa mistari. Mistari yake aliipata kwa Grandmaster Caz, mchanaji wa Bronx, aliyempa daftari lake achague. Zamani Caz alikuwa akijiita Casanova Fly, na kama ilivyo kawaida ya wachanaji alikuwa amelitaja jina lake ndani ya mistari, herufi kwa herufi. Hank aliichana yote kama ilivyoandikwa, pamoja na herufi zile, akawa amejitambulisha mbele ya dunia kwa jina la mtu mwingine.

Kwa zaidi ya miaka arobaini watu wamecheza wimbo huu harusini, na mimi mwenyewe nimeucheza. Naomba sasa tunyamaze, na zikifika herufi zile kila mmoja ajaribu kusikiliza kama Caz alivyosikiliza mwaka ule, redioni, jina lake likisomwa na rafiki yake.

Bonyeza, kijana.